Karatasi za wazee na mashini iliyoziandika

Katika nyumba nyingi za Bukavu, Uvira, Kalemie ama Lubumbashi kuna valizi ya zamani juu ya kabati, na ndani yake bahasha yenye karatasi zilizokunjwa: barua ya babu ya kuingia kazini, cheti cha shule, hati ya parseli, ruhusa ya kujenga. Zote zilipigwa kwa mashini. Miaka inapita bila mtu kuzigusa. Kisha mzee anafariki, watoto wanagawana, jirani anasogeza ua, na bahasha inashushwa.

Hapo ndipo maneno yanapoanza. Kijana wa biro aliyezaliwa wakati wa kompyuta anaipokea hati na kuikunjia uso. Mwaka umeandikwa I973, kwa herufi I badala ya tarakimu 1. Jina limeruka juu ya mstari. Herufi e zote zimejaa weusi. Chini ya maneno fulani kuna alama nyekundu, kana kwamba mtu alitumia wino wa aina mbili. Kijana anasema karatasi hii imechezewa. Mwenye karatasi hana la kujibu, maana naye hakuwahi kukaa mbele ya mashini.

Jibu lipo, na liko ndani ya mashini yenyewe. Karibu kila alama inayotiliwa shaka leo ni kazi ya kawaida ya chuma, mpira, utepe na vidole. Anayetaka kuelewa karatasi za miaka ya 1950 hadi 1990 katika Kongo lazima ajue angalau kidogo jinsi mashini ilivyofanya kazi, na jinsi daktilo alivyojifunza kuitawala.

Mashini ya kwanza kuuzwa kwa wingi ilitoka Marekani mwaka 1874. Christopher Latham Sholes na wenzake wa Milwaukee ndio waliibuni, na kiwanda cha Remington, kilichozoea kutengeneza bunduki, ndicho kiliitengeneza. Iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 ikaja nyingine yenye kitufe cha kubadilisha herufi ndogo kuwa kubwa, na kitufe hicho kitarudi mara nyingi katika habari hii. Wakati Ubeleji inachukua Kongo kutoka mikononi mwa Mfalme Leopold II, Novemba 1908, mashini ilikuwa imeshakuwa chombo cha kawaida cha biro za Ulaya. Mwaka huohuo Camillo Olivetti alianzisha kiwanda chake huko Ivrea, Italia, na jina lake likaja kujulikana hadi kwenye biro za Kiafrika, pamoja na Olympia za Ujerumani, Hermes za Uswisi, Remington na Underwood.

Koloni iliendeshwa kwa karatasi. Kodi, kazi za lazima, safari, mishahara ya migodi, adhabu, vyote viliandikwa, na vingi viliandikwa mara tatu au nne. Mzungu alitia sahihi. Aliyepiga mashini mara nyingi alikuwa karani Mkongomani. Neno karani lilikuwa limefika huku na Kiswahili chenyewe kutoka pwani, lakini chini ya Wabeleji lilipata uzito mpya. Shule za misioni zilifundisha kusoma, kuhesabu na maadili, na kijana mwenye akili alielekezwa upadri, ualimu, uganga msaidizi au ukarani. Juu ya hapo mlango ulifungwa. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954 tu, na uhuru ulipofika mwaka 1960 Wakongomani waliomaliza chuo kikuu hawakuzidi 30.

Ndiyo sababu ukiangalia viongozi wa 1960 unakutana na makarani. Joseph Kasa-Vubu alifanya kazi ya karani katika idara ya fedha. Patrice Lumumba alikuwa karani wa posta huko Stanleyville, mji unaoitwa leo Kisangani. Joseph-Désiré Mobutu alianza kama karani ndani ya Force Publique kabla ya kuwa mwandishi wa habari. Wanaosema inchi ilianzishwa na watu wasiojua utawala wanasahau jambo hili: watu hao walikuwa wameandika, kunakili na kupanga karatasi za utawala huo kwa miaka. Walinyimwa sahihi, kazi yenyewe waliijua. Na Julai 1960, askari walipoasi na maofisa wengi wa Kibeleji wakaondoka ghafla, biro nyingi zilibaki na karani na mashini yake.

Mashini hizo zilikuja na mpango wa vitufe wa Kifaransa na Kibeleji, ule unaoanza na A, Z, E, R, T, Y juu kushoto. Ulipangwa kwa ajili ya Kifaransa. Kwa mtu anayeandika Kiswahili ni mzigo wa ajabu, na waliojifunza wanaukumbuka kwenye kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Kidole hicho kinapumzika juu ya Q, herufi ambayo Kiswahili hakina kazi nayo. Juu ya Q iko A, ambayo Kiswahili kinaitumia kuliko herufi yoyote. Chini ya Q, pembeni kabisa, iko W. Basi mtu akiandika «wa», silabi inayorudi katika kila mstari wa Kiswahili, kidole kidogo peke yake kinashuka chini kabisa, kisha kinaruka hadi juu. Jaribu «wakaaji wa mtaa wanatakiwa»: kidole dhaifu kuliko vyote kinafanya kazi ya punda. Afadhali K, ambayo Kifaransa karibu hakiitumii, imekaa pazuri chini ya kidole cha kati cha mkono wa kulia.

Katika mashini ya mkono, nguvu ya kidole ndiyo nguvu ya wino. Hakuna umeme wa kusawazisha. Kinyundo cha herufi kinapanda kwa jinsi kilivyopigwa, kinagonga utepe, na utepe unagonga karatasi. Kidole dhaifu kinaacha A hafifu. Kidole cha shahada kinaacha J na F nyeusi sana. Kwa hiyo barua ya Kiswahili iliyopigwa na mwanafunzi inaweza kuonekana kama imefifia hapa na pale, herufi ileile kila mara. Hakuna aliyeifuta.

Zamu ya tarakimu. Kwenye mpango wa Kifaransa safu ya juu, ukiigusa tu, inatoa &, é, alama za kunukuu, mabano, è, ç, à. Tarakimu ziko juu ya vitufe hivyohivyo, na kuzipata lazima ushikilie kitufe cha herufi kubwa, ama ukifunge kwa kufuli yake iliyo juu yake kidogo. Mashini nyingi za zamani hazikuwa na tarakimu 1 hata kidogo. Watengenezaji waliona ni kupoteza kitufe, kwa sababu l ndogo inafanana nayo. Lakini daktilo aliyeandika tarehe alikuwa tayari amefunga kufuli ili apate 9, 7 na 3. Kuifungua kwa ajili ya l moja, kisha kuifunga tena, ni kuchelewa. Basi alipiga I kubwa, ambayo inapatikana kufuli ikiwa imefungwa. Hivyo ndivyo I973 ilivyozaliwa, na I960, na «parseli n° II4». Inaonekana katika karatasi za biro zilizotumia Kifaransa, Afrika na hata Ulaya. Sufuri nayo mara nyingine ni O kubwa. Kijana wa biro anayeingiza namba hiyo katika kompyuta na kuambiwa haipo, asimlaumu mwenye hati, aandike 114.

Alama za juu ya herufi zina hadithi yao. Herufi é, è, ç na à zilikuwa na vitufe vyake, lakini kwa umbo dogo tu. É kubwa haikuwepo. Ndiyo maana vichwa vya karatasi vinasema REPUBLIQUE DEMOCRATIQUE DU CONGO bila alama yoyote, na mazoea hayo yanaendelea hadi leo kwenye kompyuta ambazo zingeweza kuziandika. Mtoto aliyebatizwa Désiré akawa DESIRE kwenye cheti kimoja, maana jina lilitakiwa kwa herufi kubwa, na Désiré kwenye kingine. Watu wamesumbuliwa kwa tofauti hiyo wakati wa kuomba pasipoti au kufuata mirathi, kana kwamba ni watu wawili.

Kwa ê na ï kulikuwa na kitufe kimoja upande wa kulia wa P. Kina tabia ya pekee: ukikipiga, kigari hakisogei. Alama inakaa mahali pake ikisubiri herufi iingie chini yake. Kwa hiyo alama inapigwa kwanza, herufi baadaye, kinyume na mkono wenye kalamu. Anayejifunza anakosea hapo kwa wiki nzima.

Tarehe 27 Oktoba 1971 inchi ikaitwa Zaïre, na jina lenyewe la inchi likahitaji kitufe hicho. Kila barua, kila risiti, kila tangazo: shikilia kitufe cha herufi kubwa, piga nukta mbili, achilia, piga i. Na kwa kuwa i ndogo tayari ina nukta yake, jina la inchi lilitoka na nukta tatu zilizobanana. Kwa herufi kubwa ilikuwa vibaya zaidi, maana nukta zilipangwa kwa kimo cha herufi ndogo na zikagonga kichwa cha I. Makarani wengi waliziacha. Ndiyo maana karatasi moja inaweza kuwa na ZAIRE juu na Zaïre chini, zote kutoka mkono mmoja, siku moja.

Kujifunza mashini kulianza na karatasi yenyewe. Karatasi inaingizwa nyuma ya rola ya mpira, kisho cha pembeni kinazungushwa, na karatasi inatokea mbele. Ikiwa imeingia upande, kuna mkono mdogo wa kulegeza vigurudumu vinavyoibana. Unavuta, unanyoosha karatasi, unarudisha. Mwanafunzi asiyejua mkono huo anaivuta kwa nguvu na kuichana. Kisha fito ya juu inashushwa ili karatasi isipepee.

Baada ya hapo ni ukingo. Nyuma au juu ya kigari kuna vizuizi viwili vinavyosogezwa, cha kushoto na cha kulia. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21. Kwa mashini ya herufi kubwa kidogo, mstari mzima unabeba karibu herufi 80. Kwa mashini ya herufi ndogo, karibu 100. Ukingo ukishatolewa kila upande, ndipo unajua maneno yako yana nafasi gani. Herufi chache kabla ya mwisho kengele inalia. Kengele haisimamishi kitu, inaonya tu. Daktilo anamaliza neno au analikata kwa kistari, kisha mkono wake wa kushoto unasukuma mkono mrefu wa kigari: kigari kinarudi kulia, na wakati huohuo rola inapanda mstari mmoja, mmoja na nusu au miwili, kufuatana na swichi ya pembeni. Asiyesikia kengele anagonga kizuizi na vitufe vinakataa. Wakati huo kuna kitufe cha kupita ukingo, cha kumalizia herufi mbili tatu zilizobaki. Mistari iliyopita ukingo kwa herufi mbili tatu katika hati ya zamani ni alama ya kitufe hicho. Maneno yaliyoongezwa baadaye yana sura nyingine, na itaelezwa mbele.

Katika sehemu ya biashara ya shule za sekondari, somo hili liliitwa daktilografi. Vidole vilipangwa juu ya q, s, d, f na j, k, l, m, na mwanafunzi alirudia safu hizo mpaka zimwingie usingizini. Wengine hawakuona shule. Walijifunza kwa kukaa kando ya kaka au mjomba aliyekuwa karani, jioni, kwa karatasi zilizoandikwa upande mmoja.

Utepe ulikuwa na rangi mbili, nyeusi juu na nyekundu chini, na kando ya vitufe kulikuwa na swichi yenye alama za rangi. Swichi inaamua utepe upande kiasi gani herufi inapogonga. Ikilegea kwa uzee, utepe haupandi sawasawa, na herufi nyeusi zinatoka na miguu myekundu. Hayo ndiyo yanayomshangaza kijana wa biro. Mashini ilihitaji skrubu kukazwa tu, lakini katika biro yenye kazi nyingi nani alisimama kuikaza?

Swichi hiyohiyo ilikuwa na alama ya tatu, nyeupe mara nyingi. Hapo utepe unaondoka kabisa njiani na chuma cha herufi kinagonga chenyewe. Kazi yake ni stensili: karatasi laini yenye nta, ambayo herufi inaikata ili wino upite. Stensili ikifungwa kwenye mashini ya kunakili ya Gestetner au Roneo, inatoa nakala kwa mamia. Ilidai mkono wenye adabu. Ukipiga o kwa nguvu nyingi, kitovu chake kinadondoka na nakala zote zinatoka na doa jeusi. Ukipiga taratibu mno, herufi haitokei. Na lazima vinyundo visafishwe, kwa sababu nta inajaza e na a haraka. Mitihani ya shule, nyimbo za kanisa, matangazo ya vyama, vyote vilipita hapo.

Kitabu kimoja cha namna hiyo kinastahili kutajwa. Mwaka 1965, huko Elisabethville, ambao mwaka uliofuata uliitwa Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya mji kwa Kiswahili kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu. Ilipigwa mashini na kunakiliwa, ikajulikana kwa jina la Vocabulaire de ville de Elisabethville. Tahajia yake haifuati shule yoyote. Ni Kiswahili cha Katanga kama kilivyosemwa. Waliopika, waliofua na kulea watoto wa wenye migodi walieleza mji ulivyojengwa na nani aliujenga. Mwaka 1990 mtaalamu Johannes Fabian aliuchapisha pamoja na maelezo yake, na leo unasomwa katika vyuo vikuu vya mbali. Hakuna mchapishaji aliyeombwa ruhusa mwaka 1965. Mashini ilitosha.

Serikali nayo ilijua nguvu hiyo. Novemba 1980 wabunge 13, akiwemo Étienne Tshisekedi, walimwandikia Mobutu barua ya wazi yenye kurasa zaidi ya 50. Walikamatwa na kuvuliwa ubunge. Barua yao ilisomwa hata hivyo, ikipita mkono kwa mkono.

Nakala chache hazikuhitaji stensili. Kaboni ilitosha: karatasi nzuri mbele, kaboni, karatasi nyembamba, kaboni tena, karatasi nyembamba. Kwa nakala tatu au nne daktilo aligeuza kirekebisho cha uzito wa vitufe, kama mashini yake ilikuwa nacho, akapiga kwa nguvu. Nakala ya mwisho daima ni mbaya: herufi zimevimba, e haitofautiki na c au o. Raia wa kawaida alipewa ipi? Mara nyingi ya mwisho. Ya kwanza ilikwenda kwa mkubwa, ya pili kwenye faili, na ile iliyofifia ikaenda nyumbani, ndani ya valizi. Kosa likitokea, ilibidi kila karatasi ifutwe peke yake kwa ufutio mgumu, huku kipande cha karatasi kikiwekwa nyuma yake ili kaboni isichafue. Aliyechoka alifuta ya mbele tu. Kwa hiyo hati ya serikali inaweza kuwa safi na nakala ya raia ikawa na herufi mbili zilizopandana mahali palepale. Si lazima pawe na wizi.

Marekebisho makubwa waliachiwa mafundi, lakini daktilo mzuri alijua mengine. La kwanza ni kimo cha herufi kubwa. Ukibonyeza kitufe chake, katika mashini fulani kigari kizima kinapanda. Katika nyingine ni kikapu cha vinyundo kinachoshuka. Skrubu mbili zenye nati ndizo zinazoamua mwendo huo unaishia wapi. Zikilegea, herufi kubwa zinaelea juu ya mstari au zinazama chini. Jaribio lake ni rahisi: piga HhHhHh na uangalie miguu. Kama haikanyagi mstari mmoja, nati inalegezwa, skrubu inageuzwa kidogo sana, nati inakazwa, na jaribio linarudiwa. Kwetu jambo hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa jina la ukoo huandikwa lote kwa herufi kubwa. Mashini iliyolegea inalirusha jina zima juu ya mstari, na mtu asiyejua ataapa kwamba jina hilo liliingizwa siku nyingine.

La pili ni kigari kinachositasita. Kigari kinavutwa na springi kwa kamba nyembamba, na meno madogo yanakiachilia hatua moja kwa kila herufi. Springi ikichoka, herufi zinapandana. Kamba ikikatika, kigari hakiendi popote, na mashini nzuri inatupwa kwa ajili ya uzi. Mshipi wa kuvulia samaki unaweza kushika nafasi yake, mradi fundo liwe dogo na springi izungushwe tena kiasi cha kuvuta kigari hadi mwisho wa mstari, pasipo kuzidisha.

La tatu ni uchafu. Vumbi la barabara zetu na wino wa utepe vinatengeneza tope katika njia za vinyundo, na herufi zinakwama juu. Dawa ni esansi kidogo na mswaki wa zamani, mbali na moto na mbali na rola ya mpira. Oili isitiwe hapo. Inaonekana kusaidia siku moja, kisha inakusanya vumbi na kuwa gundi. Macho ya e, a na o yanazibuliwa kwa mswaki huohuo ama kwa pini, taratibu. Rola iliyokauka na kuwa ngumu kama mbao inafanya nukta zitoboe karatasi. Karatasi ya pili nyuma ya ile ya kwanza inapunguza kishindo.

Miaka ya 1990 mishahara ya serikali ililiwa na kupanda kwa bei, na wengi waliojua kazi hii walitoa meza nje. Mbele ya komini, posta na mahakama walikaa watu wenye mashini, mwavuli na furushi la kaboni, wakiandika maombi ya kazi, mikataba ya kuuza parseli, malalamiko. Umeme ukikatika hawakuhisi lolote. Waliandika zaidi ya walichoambiwa, maana mteja aliyefika na hasira aliondoka na barua yenye «Nina heshima ya kukuandikia». Kisha vikaja vita vya 1996 na 1998, na katika sehemu nyingi biro ziliporwa na mafaili yakachomwa au kufungiwa maandazi sokoni. Nakala ya tatu, ile mbaya ya nyumbani, ikabaki peke yake kuwa shahidi.

Kompyuta na jenereta vimechukua mahali pa meza hizo, na viwanda vya mashini vimefungwa kimoja baada ya kingine. Godrej & Boyce ya India, mmoja wa watengenezaji wakubwa wa mwisho, iliripotiwa mwaka 2011 kwamba imekwisha kuacha. Lakini hati zilizopigwa bado zina nguvu. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 ilifanya cheti cha kusajiliwa kuwa ndicho kinachothibitisha haki juu ya kiwanja, na vyeti vya miaka ile vilipita chini ya vinyundo.

Wanaotaka kumtetea mtu mwenye karatasi ya namna hiyo waanze kwa kutafuta nyingine iliyotoka biro ileile karibu na mwaka uleule, hata kama ni ya jirani. Kila mashini ilichakaa kwa namna yake. Kama katika zote mbili r imeinama kushoto, t imepoteza mkono mmoja na herufi kubwa zimepanda kwa kiasi kilekile, basi zimetoka kwenye chuma kimoja. Na kama neno moja tu katika hati halikanyagi mstari wa wenzake wala safu ya herufi zilizo juu na chini yake, hapo kuna swali la haki: karatasi iliyotolewa kwenye rola na kurudishwa baadaye ni vigumu mno kukaa tena mahali palepale. Hati iangaliwe pia kwa nyuma, dirishani, kwa sababu kinyundo kinaacha uvimbe mdogo ambao wino wa printa hauachi. Na isipigwe upya kwa kompyuta ili «ipendeze», kisha ya zamani ikatupwa. Wapo waliofanya hivyo kwa nia njema, wakafika mbele ya hakimu na karatasi nyeupe, safi, yenye tarehe ya 1973 na wino wa jana.